Kwa nini mtoto mwenye malaria kali humalizia na vidonge badala ya sindano

Mama mmoja wa mkoani Morogoro ameandika kuhusu mwanawe wa miaka 4, mwenye uzito wa kilo 16. Mtoto alishikwa na homa kali, akashindwa kukaa wala kunywa, kisha akapata degedege. Zahanati ya kijijini walimpima wakakuta ana malaria, wakamwekea dawa kwa njia ya haja kubwa na kumpa rufaa. Hospitali ya wilaya alichomwa sindano za mshipa, na siku ya pili, alipoanza kula na kuzungumza, sindano zilisimamishwa akapewa vidonge vya mseto pamoja na agizo kwamba avimeze na chakula chenye mafuta. Mtoto amepona, lakini bibi yake hajaridhika: anasema mjukuu alikatishwa dawa yenye nguvu akapewa ya kupoza. Mama anauliza kwa nini ugonjwa mmoja utibiwe kwa njia tatu, kama vidonge vina nguvu sawa na sindano, na kama siku nyingine aombe sindano mapema.

Jibu la mfamasia:

Pole sana mama kwa yaliyokupata, na ninafurahi kusikia kwamba mtoto amepona. Kwa maelezo uliyoyatoa, mwanao alitibiwa ipasavyo katika kila hatua, na kila njia ilichaguliwa kulingana na hali aliyokuwa nayo saa ile. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu shaka aliyo nayo bibi wa mtoto ninakutana nayo karibu kila siku kwenye dirisha la dawa, na mtu mzima aliyelea watoto wengi anastahili kupewa sababu, si amri.

Nianze na jambo ambalo mengine yote yanalitegemea. Vimelea vya malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu, kwa hiyo dawa ya malaria haina kazi mpaka ifike kwenye damu. Tunapochagua njia ya kumpa mgonjwa dawa tunajiuliza ni sehemu gani ya dozi itakayofika kwenye damu ikiwa bado nzima, itafika kwa haraka kiasi gani, na itakaa humo kwa muda gani. Dawa iliyochomwa moja kwa moja kwenye mshipa hufika yote, kwa hiyo tunaihesabu kuwa asilimia 100, na njia nyingine zote hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Hicho ndicho kinachowafanya watu wengi waone sindano ya mshipa kuwa ni "dawa yenye nguvu". Lakini kufika yote na kufika haraka ni mambo mawili tu kati ya hayo matatu, na katika malaria lile la tatu, yaani kukaa, ndilo linaloamua kama ugonjwa utakwisha au utarudi.

Kidonge kina safari ndefu. Lazima kwanza kivunjike, kisha kiyeyuke katika majimaji ya tumbo, kisha kisukumwe kuingia katika utumbo mwembamba, ambako ndiko dawa nyingi hufyonzwa. Ukuta wa utumbo una mikunjo na vinyuzi vidogo mno visivyohesabika, ambavyo huupa eneo kubwa kuliko tunavyoweza kudhani tukiutazama kwa nje. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walikadiria kuwa eneo la ndani la njia yote ya chakula ya mtu mzima ni kama mita za mraba 32, na sehemu kubwa ya hizo iko kwenye utumbo mwembamba. Dawa ikishapenya ukuta huo haiingii mara moja kwenye mzunguko wa mwili mzima. Damu inayotoka kwenye utumbo hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa unaoelekea kwenye ini, na ini huanza kuibadilisha dawa kabla haijafika kwenye moyo na viungo vingine. Kuna dawa ambazo ini huziacha zipite karibu zote, na kuna nyingine ambazo huzivunja kwa kiasi kikubwa. Mofini, dawa ya maumivu makali, kwa mfano, ikimezwa hufika kwenye damu kwa kiasi cha theluthi moja hivi ya dozi, na ndiyo maana mgonjwa anayehamishwa kutoka sindano ya mofini kwenda mofini ya maji huandikiwa takriban mara tatu ya kiasi cha sindano. Dawa ya maumivu ya moyo inayowekwa chini ya ulimi, nitrogliserini, huwekwa pale kwa sababu hiyo hiyo: mishipa ya mdomoni haipiti kwanza kwenye ini, ilhali dawa hiyo ikimezwa, ini huiharibu karibu yote.

Sasa turudi kwa mwanao siku ile ya zahanati. Alikuwa hawezi kunywa na alikuwa amepata degedege. Mtoto wa hali hiyo akilazimishwa kumeza, dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa ikamkaba, na hata ikifika tumboni, tumbo la mgonjwa aliyezidiwa hutoa vitu polepole, au hurudisha kila kitu kwa kutapika. Njia ya mdomo ilikuwa imefungwa. Sindano ya mshipa nayo inahitaji mtu mwenye ustadi wa kupata mshipa wa mtoto mdogo aliyepungukiwa maji, na vifaa vya kumwangalia baadaye. Zahanati yenye sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, na mhudumu aliyefunzwa inaweza kuichoma kwenye msuli wa paja, na hilo ndilo chaguo linalotangulia; isipokuwapo, hutumika vidonge laini vya artesunate vya kuweka kwenye njia ya haja kubwa kwa watoto walio chini ya miaka 6.

Hapa kuna hesabu ambayo ningependa umwoneshe bibi. Kipimo cha artesunate ya njia ya haja kubwa ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mtoto, na kwa mtoto wa kilo 16 huwekwa vidonge viwili vya miligramu 100. Kipimo cha artesunate ya sindano kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, yaani miligramu 48 kwa mwanao. Dawa ni ile ile na mtoto ni yule yule, lakini kwa njia ya haja kubwa alipewa mara nne ya kiasi cha sindano. Tofauti hiyo haisemi kwamba dawa moja ni kali na nyingine ni dhaifu. Ufyonzwaji katika utumbo wa mwisho hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto: mmoja hufyonza sehemu kubwa, mwingine sehemu ndogo, kwa kutegemea kinyesi kilichomo, mahali dawa ilipotua na kama itabaki ndani. Kwa hiyo kipimo kimewekwa juu ili hata yule anayefyonza vibaya apate kiasi cha kuzuia vimelea. Njia hii ina faida nyingine: mishipa ya sehemu ya chini kabisa ya utumbo huo humwaga damu yake kwenye mzunguko wa mwili bila kupitia kwanza kwenye ini, ingawa ile ya sehemu ya juu bado huelekea huko.

Huenda uliona mhudumu akibana matako ya mtoto kwa mikono yake kwa dakika kama 10 baada ya kuweka dawa. Hakuwa anapoteza muda. Mtoto mdogo husukuma nje kitu chochote kinachowekwa pale, na dawa ikitoka ndani ya nusu saa ya kwanza inabidi nyingine iwekwe.

Utafiti uliofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2009, ulionesha kuwa miongoni mwa wagonjwa waliochukua zaidi ya saa 6 kufika hospitali, dozi hiyo moja ya njia ya haja kubwa ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa karibu nusu. Lakini hiyo ni dozi ya kumvusha mgonjwa njiani tu. Mzazi anayeona homa imeshuka baada ya dozi hiyo akaamua kurudi nyumbani anamwacha mtoto katika hatari ile ile, na wewe ulifanya vyema kuendelea hadi hospitali.

Niongeze jambo moja kuhusu degedege, kwa sababu linahusu moja kwa moja imani kwamba sindano hushinda njia nyingine. Mtoto anayetingishwa na degedege, ikiwa mshipa haujapatikana, hupewa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, na humo hufyonzwa ndani ya dakika chache. Diazepamu hiyo hiyo ikichomwa kwenye msuli hufyonzwa polepole na kwa namna isiyotabirika, kwa sababu haiyeyuki vizuri katika majimaji ya msuli. Hapa sindano ndiyo inayochelewa.

Tukija hospitali ya wilaya, pale hapakuwa na sababu tena ya kutegemea ufyonzwaji. Artesunate ya sindano huja ikiwa unga ndani ya kichupa cha miligramu 60. Muuguzi huuyeyusha kwanza kwa mililita 1 ya maji maalumu ya sodiamu baikaboneti yanayokuja pamoja na dawa, hukitikisa kichupa mpaka ukungu uondoke na maji yawe maangavu kabisa, kisha huongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Kila mililita huwa na miligramu 10, kwa hiyo mwanao alihitaji karibu mililita 5, zilizosukumwa taratibu kwenye mshipa kwa dakika moja au mbili. Dawa ikishachanganywa haikai. Isipotumika ndani ya saa moja hutupwa. Dozi ya kwanza hutolewa mgonjwa anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza.

Dawa hii ilipimwa kwa watoto wa Afrika katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi 9, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati ya watoto 5,425 wenye malaria kali, waliopewa artesunate walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Zote mbili zilikuwa za sindano. Waliookoka zaidi waliokolewa na dawa bora, wala si njia bora, na ninaomba tofauti hiyo ikumbukwe kwa sababu ninaamini ndimo ulimo mzizi wa mawazo ya bibi.

Kizazi chake kiliona vidonge vya klorokwini vikishindwa. Miaka ya 1990 mtoto alikuwa akimeza klorokwini, homa inarudi, anapelekwa hospitali, anatundikiwa dripu ya kwinini na anapona. Mtu aliyeona hayo mara nyingi angefikia uamuzi gani, kama si kwamba vidonge ni dhaifu? Lakini klorokwini hufyonzwa vizuri sana tumboni. Zaidi ya robo tatu ya dozi iliyomezwa hufika kwenye damu. Kilichoshindwa ni dawa yenyewe, kwa sababu vimelea vilikuwa vimejenga usugu, na ingeshindwa vivyo hivyo kama ingechomwa. Ndiyo maana Tanzania iliiacha mwaka 2001, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutumia mseto wa artemeta na lumefantrini, huu tunaouita ALu, ambao mwanao alipewa.

Kabla ya kuufikia mseto, nieleze kwamba hata neno "sindano" linabeba njia kadhaa ambazo hazifanani. Dawa ya mshipa hufika papo hapo. Dawa ya msuli hukaa kwanza kama bwawa dogo ndani ya nyama, na damu inayopita huichota kidogo kidogo, kwa hiyo kasi yake hutegemea dawa yenyewe na wingi wa damu inayofika mahali pale. Artesunate hufyonzwa haraka kwenye msuli, na hivyo hukubalika pale mshipa unapokosekana, lakini mgonjwa ambaye mikono na miguu imekuwa baridi kwa sababu damu haizunguki vizuri anaweza kuchelewa kuipata. Kuna sindano za msuli zilizotengenezwa makusudi ziende polepole: benzathini penisilini inayotolewa kila baada ya wiki 3 au 4 kwa wenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Benzathini penisilini ikiingia kwenye mshipa kwa bahati mbaya inaweza kuua. Insulini huchomwa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, na hufyonzwa haraka zaidi ikichomwa tumboni kuliko pajani. Mgonjwa anayechoma mahali pamoja kila siku hupata uvimbe wa mafuta, na insulini inayochomwa kwenye uvimbe huo hufyonzwa ovyo, leo nyingi na kesho kidogo. Nimeona wagonjwa wakiongezewa dozi kwa sababu sukari haishuki, kumbe tatizo ni mahali pa kuchoma.

Sindano ina gharama pia. Iliyochomwa vibaya takoni inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni na kumwacha mtoto akichechemea maisha yake yote. Ndiyo maana sindano za msuli za watoto wadogo huchomwa pajani, upande wa mbele. Dawa ya mshipa ikishaingia hairudi: kama kipimo kimekosewa, hakuna tumbo la kutapisha. Na kila siku ambayo mpira wa dripu unabaki mkononi, njia ya vijidudu kuingia kwenye damu inabaki wazi.

Sasa swali lako la pili. Artesunate ikiingia kwenye damu hubadilishwa ndani ya dakika chache kuwa dawa nyingine inayoua vimelea kwa kasi kubwa, lakini nayo hupungua upesi: kwa takriban kila saa moja inayopita, kiasi kilichobaki hupungua kwa nusu. Baada ya saa chache imekwisha. Vimelea vya malaria vinavyoleta ugonjwa mkali huzaliana kwa mzunguko wa saa 48, na dawa za kundi la artemisinini, ikiwamo artesunate, hupunguza idadi yake kwa kama mara 10,000 katika kila mzunguko. Hiyo ni kasi ya ajabu, lakini mtoto aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea zaidi ya bilioni 100 mwilini, kwa hiyo baada ya siku 2 za sindano anaweza kuonekana mzima, anacheza na kuomba uji, huku mamilioni ya vimelea yakiwa bado hai katika damu yake. Kuendelea na artesunate peke yake kungelazimu matibabu ya siku 7, na kungevipa vimelea nafasi ya kuizoea dawa tunayoitegemea kuliko zote.

Vidonge vya mseto vina dawa mbili. Artemeta inaendeleza kazi ya artesunate, kwa kuwa ni ndugu yake na mwilini hubadilika kuwa kitu kile kile. Lumefantrini huua polepole, lakini hukaa kwenye damu kwa siku kadhaa na kuvimaliza vimelea vilivyobaki. Lumefantrini haina sindano. Katika matibabu aliyopewa mwanao, kidonge ndiyo njia pekee ya kuifikisha kwenye damu. Kwa hiyo bibi aelewe kwamba mjukuu hakuhamishwa kutoka dawa yenye nguvu kwenda dhaifu. Aliongezewa dawa ambayo sindano haikuwa nayo, na ndiyo sababu baada ya sindano mgonjwa humeza mseto kwa siku zote 3, bila kupunguza kwa hoja kwamba alishachomwa.

Agizo la mafuta lina uzito mkubwa kuliko linavyosikika linapotamkwa haraka dirishani. Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ikimezwa na maji matupu, sehemu kubwa hupita utumboni na kutoka na kinyesi bila kufyonzwa. Mafuta ya chakula huufanya mwili umwage nyongo, na nyongo huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno ambamo lumefantrini huyeyuka na kuweza kupenya ukuta wa utumbo. Katika watu wazima wenye afya waliopewa mlo wenye mafuta mengi, kiasi cha lumefantrini kilichofika kwenye damu kilikuwa mara 16 ya kiasi kilichofika kwa waliokuwa na njaa. Kwa artemeta ilikuwa mara 2. Sijui dawa nyingine ninayoitoa kila siku ambayo chakula huibadilisha kiasi hicho.

Wazazi wengi wakisikia hivyo huogopa kwamba mtoto asiye na hamu ya kula hatapata dawa. Wasiogope. Utafiti mwingine ulionesha kuwa mililita 36 tu za maziwa ya soya, zenye mafuta ya gramu 1.2, zilitosha kufikisha karibu asilimia 90 ya ufyonzwaji wa juu kabisa. Kiasi hicho cha mafuta unakipata katika vijiko vichache vya maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, katika uji wenye kijiko cha karanga zilizosagwa, katika andazi dogo au kipande cha chapati, katika mchuzi wa nazi. Anayenyonya anyonyeshwe mara baada ya kumeza. Mtoto wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza vidonge 2 kwa dozi: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata mpaka zitimie dozi 6, yaani vidonge 12. Asiyeweza kumeza kidonge kizima anaweza kulainishiwa katika maji kidogo, halafu apewe maziwa au uji. Akitapika ndani ya saa moja, dozi hiyo kwa kawaida hurudiwa, na kwa kuwa vidonge vyako havitatosha tena inabidi urudi kituoni uongezewe. Akitapika kila anachopewa, arudishwe hospitali, kwa sababu njia ya mdomo imefungwa tena.

Ninashuku kwamba baadhi ya wale wanaosema "mseto haukunisaidia, nikaenda kuchomwa sindano" walimeza vidonge alfajiri kwa maji matupu, au waliacha siku ya pili baada ya homa kushuka. Wiki mbili au tatu baadaye homa hurudi, na lawama huangukia kidonge.

Tafadhali usiichukue kanuni hii ya mafuta ukaipeleka kwa kila dawa. Antibiotiki kama doksisiklini na siprofloksasini zikimezwa pamoja na maziwa hushikamana na madini ya kalsiamu yaliyomo, na sehemu yake haifyonzwi. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito hupoteza faida vikimezwa na chai ya rangi au ya maziwa. Rifampisini ya kifua kikuu hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Maagizo ya "kabla ya kula" na "baada ya kula" hutofautiana kwa sababu za namna hii.

Kuhusu nguvu ya vidonge kwa jumla, hakuna jibu moja linalotosha dawa zote. Metronidazoli ya kumeza hufyonzwa karibu yote, na mgonjwa anayeweza kula hapati kitu cha ziada kwa kutundikiwa dripu ya dawa hiyo isipokuwa gharama na maumivu. Flukonazoli na levofloksasini ni hivyo hivyo. Kwa upande mwingine, jentamisini na seftriaksoni hazifyonzwi utumboni kwa kiasi cha kufaa, na insulini ni protini ambayo tumbo huisaga kama linavyosaga nyama, kwa hiyo hizo lazima zichomwe. Pia zipo dawa ambazo hatutaki zizunguke mwilini sana. Mtu mzima mwenye pumu anayevuta mipulizo 2 ya salbutamoli hupata miligramu 0.2, ilhali kidonge chake ni miligramu 4, mara 20 zaidi. Mpulizo hufika moja kwa moja kwenye mapafu, hufanya kazi ndani ya dakika chache, na hauutii moyo mbio kama kidonge kinavyofanya.

Swali lako la mwisho ni kama uombe sindano mapema siku nyingine. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria huku anakunywa, anakaa mwenyewe na hatapiki kila kitu, vidonge vya mseto ndiyo tiba yake kamili, na sindano haitamponya haraka zaidi. Akipata degedege, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea mpaka hawezi kukaa, akipumua kwa shida, akiwa mweupe sana viganjani au akikojoa mkojo mweusi, hapo hali imekuwa ya sindano, na usimlazimishe kumeza chochote unapomkimbiza kituoni.

Kwa sasa kuna jambo moja la kuliangalia kwa mwanao. Baadhi ya wagonjwa waliotibiwa kwa artesunate ya sindano hupungukiwa damu baadaye, kuanzia kama wiki moja baada ya matibabu hadi wiki ya nne, hata kama malaria yenyewe imekwisha. Mrudishe hospitali apimwe wingi wa damu katika siku ya 7, ya 14 na ya 28 tangu alipoanza sindano, kama hawakukupangia tarehe, na umpeleke bila kusubiri tarehe hizo ukiona macho yamekuwa ya njano, viganja vimepauka au mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi.